Mpiga Kasia wa Delaware

Kwa miaka mingi niliipenda picha aliyoichora Emanuel Leutze mwaka 1851: Washington akivuka mto Delaware wenye barafu, Desemba 1776. Bendera iliyomo ilipitishwa mwaka 1777; kosa hilo namsamehe. Linalonisumbua ni yule mtu mweusi anayepiga kasia karibu na jenerali aliyesimama. Vita viliamuliwa Yorktown mwaka 1781, kwa msaada wa Wafaransa, na mkataba wa 1783 ukawapa walowezi uhuru wao. Weusi walio wengi walibaki watumwa hadi 1865. Naona Leutze, kwa kujua au kutojua, alichora ushindi pamoja na deni lake. Ndiyo maana picha hii bado naiheshimu.