Mshauri na Kipengele cha Minembwe

Waziri hutoka mkutanoni na picha, jenerali na cheo. Mshauri wa mambo ya ulinzi hutoka na faili kwapani na, akibahatika, sentensi yake moja imebaki ndani ya mkataba bila jina lake. Kazi hiyo naisifu, tena naisifia hapa Bukavu, mji wa mashariki mwa Kongo uliolipia sentensi nyingi zilizoandikwa ovyo.

Watu hudhani mshauri wa namna hiyo ni bingwa wa silaha. Hapa kwetu silaha ndizo rahisi kuzijua. Kazi ni watu: nani anamtii nani, nani akipandishwa cheo atawaudhi kina nani, vijana gani hawatashuka mlimani kwa kuwa ng'ombe wa baba zao wamebaki kule juu. Anayeyajua hayo kutoka Kalehe hadi Fizi anamfaa gavana wa Kivu Kusini kuliko kamanda mwenye ramani nzuri.

Baada ya makubaliano ya amani ya Kongo ya 2002 lilikuja wazo la brasaji: wapiganaji wa makundi yaliyopigana wachanganywe kambini kwa siku 45, kisha wapelekwe kutumikia mbali na kwao. Siku hizo 45 si chochote, hazimgeuzi mtu. Nguvu ya wazo ilikuwa katika umbali, kwani aliye mbali haitiki mluzi wa kamanda wake wa zamani. Bukavu ilionja gharama ya kuchelewa kuwahamisha. Mwezi Mei 2004 Kanali Jules Mutebutsi, naibu kamanda wa kijeshi aliyekwisha kusimamishwa kazi, alikuwa bado mjini na watu wake. Kamanda mwingine muasi, Laurent Nkunda, akateremka kutoka Kivu Kaskazini kuungana naye, na tarehe 2 Juni mji ukawa mikononi mwao. Akina mama wa mtaa wetu wa Kadutu hawahitaji kueleza tena wiki ile.

Mwaka 2011 kundi la waasi la FRF likaingia jeshini. Sharti lao lilikuwa kubaki karibu na nyumbani, katika milima ya Minembwe, na likakubaliwa. Sitawacheka waliokubali, kuleta watu wale kutoka msituni bila risasi ni jambo. Lakini hapo ndipo mshauri hodari huinua mkono, mezani kila mtu akiwa na haraka ya kusaini, na kuuliza: siku wakikasirika, nani atawazuia? Mmoja wa viongozi wao, Michel Rukunda, aliyejulikana kama Makanika, alitoroka jeshi mwaka 2020 akarudi milima ileile kupigana.

Ustadi ninaoupenda zaidi hauna harufu ya baruti. Washauri wa Umoja wa Ulaya, ujumbe wa EUSEC, walianza kazi nchini mwaka 2005, na swali lao kubwa likawa la mshahara. Pesa ya askari ilipitia mikononi mwa mkubwa wake, naye ndiye aliyepeleka orodha ya majina. Basi orodha zilijaa askari hewa, na askari wa kweli akala kwa mwanakijiji. Washauri wakapigania anayeamuru asiwe ndiye anayelipa. Askari wakahesabiwa mmoja mmoja, alama za vidole zikachukuliwa, kadi zikatolewa. Wizi haukuisha. Ila makamanda waliokuwa wakila kwenye orodha hawakuwapenda wageni wale, na kwa mshauri chuki ya namna hiyo ni cheti.

Wako pia washauri wa kuitikia tu, "ndiyo Mheshimiwa" asubuhi na jioni. Hao tuwaache na magari yao.

Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu. Julai mwaka uleule, huko Doha, serikali ya Kongo na muungano wao, AFC/M23, wakatia saini tamko la kanuni, na hoja ya wapiganaji hao watakwenda wapi ikaanza kusubiri zamu yake. Wanasiasa watataka ijibiwe kwa mstari mmoja wenye heshima kwa wote. Pembeni ya meza anahitajika mtu anayeikumbuka Minembwe ya 2011, mwenye ujasiri wa kuuliza ni kambi ipi, umbali gani kutoka kwao, na mshahara wa mwezi wa tatu utapitia mkono wa nani.