Fundi wa Chini ya Gari

Land Cruiser ya mizigo, aina ya 70, hubebwa nyuma na springi za majani zilizofungwa kwenye ekseli moja ngumu. Gari kuukuu la namna hiyo likianza kuyumba mkiani, fundi hodari hakimbilii kubadili shokapu. Kwanza hupima upepo wa tairi. Kisha huliegesha mahali tambarare na kulinganisha kimo cha kulia na kushoto, maana upande ulioinama humwonyesha springi iliyochoka.

Halafu hulala chini na tochi, mchanga ukimdondokea usoni. Hutafuta jani lililopasuka na shokapu inayovuja oili, na huchokonoa bushi kwa mtaimbo aone kama zinacheza. Hukagua pia senta bolti, ile inayobana majani ya springi pamoja katikati: ikikatika, ekseli husogea upande mmoja na gari huenda kimshazari, hata usukani ukishikwa sawasawa. Akishabadili kilichoharibika na kufunga springi, hukaza yubolti zinazoibana kwenye ekseli, hulijaribu gari barabarani, kisha huzikaza tena.

Kazi hiyo haionekani gari likishaoshwa. Lakini kila kona linayoipita salama likiwa na mzigo ni deni kwa fundi huyo, na ujira wake haustahili kupunjwa.