Kikaratasi Mfukoni mwa Weita

Simu iliingia saa tatu usiku nikiwa zamu. "Boss, hii salio ni ya nani?" Mteja alikuwa amefungua akaunti yake kwenye programu yetu ya akiba, akakaribishwa kwa jina la mtu mwingine na pesa za mtu mwingine. Hakuna aliyetudukua. Kosa lilikuwa la mtindo wa uandishi, ndiyo maana nalileta hapa: msimbo nao ni maandishi, husomwa, na una mitindo ya kusifiwa na ya kulaumiwa.

Tulikuwa tumeandika kwa Java na kutegemea ThreadLocal, iliyomo katika lugha hiyo tangu toleo la 1.2 la mwaka 1998. Fikiria hoteli ya mtaani yenye weita wanne na wateja mia. Kila weita ni uzi, yaani mkondo mmoja wa kazi ndani ya seva. ThreadLocal ni mfuko wa aproni yake. Anaandika jina la mteja kwenye kikaratasi, anakitia mfukoni, na popote alipo, jikoni ama kwa keshia, anakichomoa. Tamu sana, maana funksheni zinabaki fupi. Lakini weita haendi nyumbani baada ya mteja mmoja. Seva hutumia nyuzi zilezile tena na tena, na usipousafisha mfuko kwa remove(), kikaratasi cha meza ya kwanza kinaenda na weita hadi meza ya pili. Sisi tulisahau kusafisha mahali pamoja tu: pale ombi linapokatika kwa hitilafu. Na ukurasa wa makaribisho ulisoma mfuko kabla jina jipya halijaandikwa.

Kama msomaji, kinachoniudhi ni yale mabano matupu. onyeshaSalio(). Salio la nani? Sentensi imemficha mhusika wake mkuu, na hata ukiirudia mara kumi hutamwona.

Waundaji wa Go waliukataa mfuko. Gorutini haimpi mwandishi hata kitambulisho cha kuishikia. Tangu Go 1.7 ya mwaka 2016, maktaba yake ya msingi ina pakiti ya context, na desturi ni kuipokezana mkono kwa mkono, parameta ya kwanza, ctx. Inachosha, manze. Ukurasa mzima ni ctx, ctx, ctx. Ila inabeba pia habari ya kukatisha kazi: mteja akiondoka, jikoni wanaweza kujua waache kupika. Lawama yangu kwa Go ni nyingine. WithValue inakubali utie chochote humo ndani, kwa hivyo kikapu nakiona kikipita, kilichomo sikioni.

Java yenyewe imejirekebisha kidogo. ScopedValue, iliyokamilishwa katika JDK 25 mwaka 2025, hufunga thamani kwa kipindi maalum, na kipindi kikiisha hakuna kinachobaki mfukoni. Naipenda. Lakini mabano bado ni matupu.

Sisi tulichagua njia ya kuchosha. Kitambulisho cha mteja kikawa parameta, na tukagusa karibu kila faili. Mwenzangu aliyekagua aliandika maneno mawili, "Mbaya hii," kisha akaidhinisha.