Ojwang Hakuwa Mjaluo, Dudley Moore Hakuwa Mlevi

Tuanze na sikio. Mkikuyu akiongea Kiswahili kwa haraka, ulimi unamtoroka kwenye r na l. Mjaluo akiongea kwa haraka, sh inageuka s: shida inakuwa sida, shilingi inakuwa silingi. Haya kila mtu wa Nairobi anayajua, na kuna wachekeshaji wanaolipa kodi ya nyumba kwa mzaha huu peke yake. Sasa chukua mtu aliyezaliwa upande mmoja wa mzaha, mwambie aishi upande wa pili mbele ya kamera, wiki baada ya wiki, zaidi ya miaka ishirini, bila kuteleza. Huyo ni Benson Wanjau. Wewe unamjua kama Mzee Ojwang.

Wengi wetu tulijifunza jina lake halisi alipofariki, Julai 2015, katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Tangu enzi za Sauti ya Kenya, kabla haijaitwa KBC, alikuwa kwenye runinga: Darubini, Kinyonga, halafu Vitimbi, akibishana na Mama Kayai, ambaye jina lake ni Mary Khavere. Siku hiyo mtaani watu walishangaa mara mbili. Kwanza kwamba ameenda. Pili, ati alikuwa Mkikuyu?

Huo mshangao wa pili ndio unaonivutia. Tuliuchukua kama kioja kidogo cha kuchapia stori, ilhali ndio ushahidi mkubwa wa kazi yake. Mwigizaji akidanganya taifa zima kwa ulimi tu, hiyo ni ufundi. Lakini kwetu mchekeshaji haitwi fundi. Tunasema "huyo jamaa ni kichekesho" na tunaishia hapo.

Nilielewa jambo hili vizuri zaidi kupitia mtu wa mbali kabisa. Dudley Moore, Mwingereza, alizaliwa 1935 na miguu iliyopinda, wa kushoto ukabaki mfupi. Alikulia Dagenham, mashariki mwa London, katika familia ya kawaida. Baba yake alikuwa fundi wa umeme wa reli. Akafika Oxford kwa ufadhili wa kupiga kinanda cha kanisa. Mwaka 1960, yeye na Peter Cook, Alan Bennett na Jonathan Miller walipanda jukwaani Edinburgh na onyesho la Beyond the Fringe, wakawacheka wakubwa wa nchi yao bila kuomba ruhusa.

Katika onyesho hilo Moore anakaa kwenye piano, anachukua Colonel Bogey, wimbo wa kutembelea kijeshi ambao watu hupiga mluzi, na kuupiga kana kwamba umetungwa na Beethoven. Mwanzoni unatabasamu. Kisha wimbo unafika mwisho na unakataa kuisha. Anapiga noti ya kumaliza, inazaa nyingine, anajaribu tena, uso umejaa jasho na hofu, kama mtu aliyeshika nyaya za stima na hawezi kuachilia. Ukumbi unaangua kicheko. Ila sikiliza vidole: hakuna kinachokosewa. Kila fujo iko mahali pake. Ili uharibu muziki hivyo, lazima kwanza uujue wote.

Ukipita Laini Saba au Kawangware Congo Jumapili asubuhi, kila kanisa la mabati lina kijana kwenye kinanda anayejua hili. Mhubiri akibadilisha wimbo katikati, akipanda na kushuka bila onyo, yule kijana anamfuata mpaka ionekane ilipangwa. Ojwang alifanya hivyo na lafudhi. Moore alifanya na piano. Ni sikio lile lile.

Kuna wanaosema ucheshi wa lafudhi ni ukabila uliovaa kofia. Wana hoja, na sisi wa mitaa hii hatuwezi kuipuuza. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, kuna usiku Kibera ambapo lafudhi ilikuwa kitambulisho. Unaulizwa swali njiani, na namna unavyotamka jibu inaamua kama utapita. Nilikuwa mtoto, lakini watu wazima wa ploti yetu bado wakifika hapo kwenye stori wanapunguza sauti. Kawangware ilionja tena Oktoba 2017. Kwa hivyo mtu akinichekesha kwa sh na s, nina haki ya kuuliza anacheka na nani.

Kipimo changu ni rahisi. Toa lafudhi, halafu angalia kinachobaki.

Kwa Ojwang, kinabaki mtu mzima. Mzee mbishi, mwenye majivuno kuliko mfuko wake, anayetaka kuheshimiwa nyumbani na nje, na ambaye Mama Kayai anamrudisha chini kila anapoanza kupaa. Mzee huyo yuko kila ploti, wa kabila lolote. Lafudhi ilikuwa nguo tu, na aliivaa kwa heshima. Hukuona macho yake yakikukonyeza yasema "waonee hawa". Sisemi Vitimbi ilizuia panga hata moja. Lakini nyumba nyingi za Nairobi zilimpenda mzee wa Kijaluo aliyeigizwa na Mkikuyu, na zilimpenda kama mzee wao.

Sasa weka kipimo hicho kwenye video fupi tunazotumiana kwenye simu. Mlinzi lazima awe Mluhya, anayependa pesa lazima awe Mkikuyu, wa kujigamba lazima awe Mjaluo. Toa lafudhi, unabaki na kijana amevaa leso kichwani akipiga kelele. Mimi huandikia vijana kadhaa wa Kawangware na Kibera video hizo. Niliacha chuo mwaka wa pili na hii ndiyo inanilisha, siku ikilisha. Kuna aliyeniomba niandike "yule Mluhya" bila kuniambia huyo mtu anataka nini maishani. Nilimuuliza anataka nini. Alinijibu: "Anataka ugali." Hapo hakuna mtu, kuna sufuria.

Moore anapita kipimo hiki. Katika filamu ya Arthur ya 1981 anaigiza tajiri mlevi, na aliteuliwa kuwania Oscar kwa kazi hiyo. Toa pombe, anabaki mtoto mpweke anayeogopa chumba kikiwa kimya. Ndiyo maana unacheka na kifua kinakubana.

Lakini uigizaji mzuri una bei yake. Miaka ya tisini Moore alianza kuyumba na kusahau maneno yake kazini, na watu wakadhani amelewa. Si walikuwa wamemwona akilewa kwenye sinema? Mwaka 1995 aliondolewa kwenye filamu ya Barbra Streisand. Mwaka 1999 akatangaza ukweli: ana ugonjwa wa ubongo usio na tiba, unaoiba mwendo, sauti na vidole. Piano ilimwacha kabla ya uhai. Alifariki Machi 2002, akiwa na miaka 66. Ulevi aliouigiza ulikuwa mzuri mno, ukazuia watu kuona ugonjwa alioubeba.

Kwa Ojwang haikuwa shaka, ilikuwa usahaulifu. Macho yalipomsumbua uzeeni, Wakenya walichangishana ili atibiwe. Ulikuwa wema, na nausifu. Lakini mtu aliyeingia sebuleni mwa taifa kwa miaka hiyo yote hakupaswa kutegemea harambee. Mchango ni upendo, ila si pensheni. Daktari wa macho hapokei makofi.

Na kazi yenyewe iko wapi? BBC ilifuta sehemu kubwa ya Not Only... But Also, kipindi cha Moore na Cook kilichoanza 1965, ili kutumia kanda upya. Wenyewe walijitolea kugharamia kanda ziokolewe, wakakataliwa. Hapa kwetu, tafuta Vitimbi YouTube usiku bando likiwa limebaki. Utapata vipande, vingi havina mwaka, havina jina la mwandishi, na chini yake watu wameandika "zile siku". Hatuwezi kusoma ufundi wa mtu kwa "zile siku" peke yake.

Hii inanigusa mfukoni pia. Video niliyoiandika mwaka jana ilizunguka mpaka ikanifikia tena kwenye kundi la familia, bila jina langu wala la waigizaji. Aliyeagiza hakunilipa. Mmoja wa wale waigizaji anaumwa mgongo sasa, na ndani ya matatu watu bado wanamwambia aanguke kidogo wacheke.

Kwa hivyo kabla ya kutuma klipu nyingine, andika jina la aliyeigiza. La kuzaliwa, kando ya lile la mzaha. Anza na hili: Benson Wanjau, mwigizaji.