Utata wa "na" katika "Kupatanishwa na Mungu": Usikilizaji wa Shinyanga na Geita

Katika 2 Wakorintho 5:18–20, Paulo anamfanya Mungu kuwa mtenda wa upatanisho. Kiswahili kina utata hapa: katika "kupatanishwa na Mungu", "na" yaweza kumtaja mtenda au mwenza wa mapatano. Kiambishi cha kutendana -an-, kilichomo pia katika "kupatana bei", huelemea maana ya pili, hasa masikioni mwa mchimbaji wa dhahabu. Suala hili si la sarufi tu. Shinyanga na Geita, zilikotokea mauaji ya vikongwe na ya watu wenye ualbino, mwenye hatia aweza kudhani kuwa damu nayo ina bei. Mahubiri hayana budi kuifafanua kauli ya kutendwa: binadamu hupewa upatanisho, haununui, kisha huwajibika kwa jirani aliyemkosea (Mathayo 5:23–24).