"Wale wa chini wamekwenda wapi?": vitabu viwili na sitaha ya manowari

Mara ya kwanza kuitazama Top Gun niliitazama na baba, sebuleni, kwa kanda ya kuazima. Filamu ile ya mwaka 1986 haianzi na hadithi. Inaanza na mvuke, mwanga hafifu, na watu wenye kofia na miwani wanaokimbia kwenye sitaha ya meli ya kubeba ndege. Wanainama, wananyoosha mikono, wanapiga goti, na ndege zinaondoka. Baba alisogea mbele ya kiti. Dakika chache baadaye marubani wakaanza kuongea, pikipiki ikaingia, mapenzi yakaingia. Baba akasubiri weee, mwisho akauliza: "Wale wa chini wamekwenda wapi?"

Nieleze kidogo. Baba alifanya kazi uwanja wa ndege. Ni yule mtu anayesimama mbele ya ndege iliyotua, vijiti viwili mkononi, akiielekeza isogee, ikate kona, isimame. Nikiwa darasa la pili niliwatangazia wenzangu kwamba baba yangu anaendesha ndege. Aliposikia alicheka sana, kisha akanisahihisha: "Mimi siendeshi, mwanangu. Mimi naiambia isimame wapi." Leo sikio lake la kushoto limekufa kabisa, na hata mezani anaongea kwa mikono. Ndiyo maana vitabu viwili nilivyosoma mwezi uliopita, vyote kuhusu meli za kubeba ndege, nilijikuta navipima kwa swali lake.

Cha kwanza ni riwaya fupi ya James Michener, The Bridges at Toko-Ri, ya mwaka 1953. Michener alikaa kwenye meli za aina hiyo wakati wa vita vya Korea akiwa mwandishi wa habari, na inaonekana. Mhusika wake mkuu ni Harry Brubaker, wakili wa Denver aliyeitwa tena vitani wakati alishaanza kujenga maisha yake. Lakini aliyenikaa kichwani mimi ni Beer Barrel, jitu linalosimama pembeni ya sitaha, nyuma kabisa, na vibao viwili mikononi. Kazi yake ni kuwatua marubani. Mikono ikinyooka sawasawa kama mabawa, uko vizuri. Akipunga vibao juu ya kichwa, ondoka, zunguka, uje tena. Akipitisha kibao kwa haraka mbele ya koo, kata injini, tua.

Hebu fikiria uzito wa kazi hiyo. Siku zile sitaha ilikuwa njia moja iliyonyooka kutoka nyuma hadi mbele. Ndege zilizokwisha kutua ziliegeshwa hukohuko mbele. Ndege ina kulabu mkiani, na kulabu hiyo inatakiwa kunasa mmojawapo wa nyaya nene zilizotandazwa kukatiza sitaha. Ukizikosa, kuna vizuizi, na nyuma ya vizuizi kuna ndege za wenzako, mafuta na watu. Michener anaijua hofu hiyo na anaiandika bila kupiga kelele: rubani amechoka, bahari inapanda na kushuka, na dunia nzima imebaki mtu mmoja na vibao vyake.

Kwa hiyo Michener anafaulu mtihani wa baba? Nusu. Beer Barrel anapata kurasa zake, na hata wale wa helikopta ya uokoaji wanapata heshima inayowastahili, kwani wanakufa pamoja na Brubaker kwenye tope la Korea. Ila mwisho wa kitabu, admirali anapobaki peke yake na maswali yake, anayemlilia ni rubani. Waliosukuma, waliofunga minyororo na waliojaza mafuta wamebaki kuwa mandhari.

Cha ajabu ni kwamba riwaya ilipotoka, kazi ya Beer Barrel ilikuwa tayari inabadilika. Waingereza walikuja na mambo matatu. Dennis Cambell alipendekeza njia ya kutulia ikate pembeni kidogo, ili aliyekosa nyaya apae tena bila kuvamia waliopo mbele. Colin Mitchell alileta manati ya mvuke. Nicholas Goodhart akabuni kioo chenye taa cha kumwonyesha rubani kama yuko juu mno au chini mno. Inasimuliwa kwamba alilionyesha wazo lake mezani kwa kioo kidogo na rangi ya midomo. Vibao vikawekwa kando. Mtu, hata hivyo, hakuondoka: mpaka leo maofisa wanasimama palepale pembeni, wanaongea na rubani kwa redio, na kila anayetua anapewa alama.

Hapo ndipo kinapoanzia kitabu cha pili, Another Great Day at Sea cha Mwingereza Geoff Dyer, kilichotoka mwaka 2014. Dyer alikaa wiki mbili kwenye USS George H.W. Bush mwaka 2011, meli ikiwa Ghuba. Ni mrefu, hivyo anagonga kichwa kila mahali. Chakula hakimpendezi. Anataka chumba chake peke yake kwenye meli yenye watu elfu tano! Mwanzoni nilicheka. Malalamiko ya chakula yaliporudi tena na tena, nilianza kuruka mistari.

Lakini akipanda sitahani, aisee, Dyer anasahau kujizungumzia, na kitabu kinapumua. Kule juu kelele haziruhusu maneno, kwa hiyo kila kitu kinasemwa kwa rangi na mikono. Fulana za njano ndizo zinazoongoza ndege. Za kijani wako kwenye manati na nyaya. Za zambarau wanajaza mafuta. Nyekundu ni mabomu na zimamoto, bluu wanafunga minyororo na kuendesha matrekta, kahawia kila mmoja ana ndege yake ya kuitunza, nyeupe ni usalama na uganga. Wengi wao ni vijana ambao kwetu wangekuwa ndiyo kwanza wanasubiri matokeo ya kidato cha sita.

Tuliokulia mitaani manati tunaijua. Ukivuta kidogo, jiwe linaangukia miguuni. Ukizidisha, mpira unakatika. Manati ya mvuke nayo ina hesabu yake. Kabla ya ndege kurushwa, kijana wa fulana ya kijani anainua ubao wenye namba: uzito wa ndege. Rubani akikubali, nguvu ya mvuke inapangwa kwa uzito huo. Mvuke ukipungua, ndege inaishia baharini. Mambo yakiwa sawa, inatoka sifuri hadi kilomita zaidi ya 250 kwa saa ndani ya kama sekunde mbili. Kwenye kutua ni vivyo hivyo: waya unapangiwa ukali wake kwa uzito wa ndege inayokuja, na magurudumu yakigusa tu rubani anakandamiza injini hadi mwisho, kwa sababu hajui bado kama amenasa. Namba moja ikisomwa vibaya, kipaji cha rubani hakisaidii kitu.

Utaratibu huu haukuanguka kutoka mbinguni. Tarehe 29 Julai 1967, kwenye USS Forrestal karibu na Vietnam, roketi ilifyatuka yenyewe sitahani ikapiga ndege iliyojaa mafuta. Watu 134 walikufa. Ukiuliza nani alikuwepo siku hiyo, wengi watakutajia John McCain, rubani aliyeruka kutoka kwenye ndege yake. Wachache watamtaja Gerald Farrier, mkuu wa zimamoto, aliyekimbilia bomu lililozungukwa na moto akiwa na kizima moto cha mkononi, bila nguo za kinga. Kamera ya sitahani ilimnasa. Bomu likalipuka. Unaona? Ni Top Gun ileile: picha inawaonyesha, hadithi inawaacha.

Hapa ndipo namsifu Dyer kuliko Michener. Anawauliza wapishi, mafundi, viongozi wa ibada, wanaotunza ndege, na anawaacha waongee. Anatuonyesha watu wamejipanga mstari wakitembea polepole sitaha nzima, macho chini, wakiokota kila skrubu na kokoto kabla haijaingia kwenye injini. Baba alikuwa akifanya hivyo hata barabarani. Mama alimwona mtu wa ajabu.

Ila kuna kitu Dyer anakikwepa, na siwezi kumsamehe kirahisi. Ndege zile zinaondoka na mabomu. Mwaka 2011 zilikuwa zikienda Iraki na Afghanistan. Zinaporudi, tunahesabu pamoja naye na tunafurahi zote zimetua. Zilikofika hatupelekwi. Michener, pamoja na kasoro zake, angalau alimpeleka Brubaker hadi kwenye madaraja yenyewe na kumshusha ardhini kwenye ardhi ya watu wengine. Swali la baba lina nusu ya pili ambayo sikuiona utotoni: wako "wa chini" wa sitahani, na wako wa chini kule linakoangukia bomu. Mwandishi anayewaona wale wa kwanza kwa upendo mkubwa hivi hana sababu ya kutowaona wa pili.

Bado nakushauri ukisome, ukianza na Michener, maana Dyer anaeleweka vizuri zaidi ukishamjua Beer Barrel. Jumapili nilimweleza baba habari za fulana za rangi, kwa sauti ya juu, upande wa sikio lake zima. Akanisikiliza hadi mwisho, akauliza kimoja tu: "Yule wa njano, wamemwandika jina?" Kwa Dyer baadhi wana majina, nikamwambia. Akatingisha kichwa, akaomba nimsomee.