Mpiga Bunduki Hana Jina

Nimesoma Pilote de guerre cha Antoine de Saint-Exupéry mara mbili, na mara zote mbili nimemaliza na swali moja la kijinga: hiyo ndege ilikuwa namba gani?

Usinicheke. Ukisahau simu kwa matatu, kumwambia mtu wa stage kwamba gari lilikuwa jekundu na lina mchoro wa Tupac hakutakusaidia sana. Atakuuliza namba.

Kitabu kilitoka New York mwaka wa 1942, mwandishi akiwa uhamishoni. Ni stori ya safari moja ya Mei 1940. Ufaransa inabomoka, barabara zimejaa wakimbizi, na Kapteni Saint-Exupéry wa kikosi cha 2/33 anatumwa na wenzake wawili kwenda kupeleleza hadi Arras. Ndege yao ni Bloch 174 ya injini mbili. Anasema wazi kwamba safari haina maana, kwa sababu hata wakirudi salama, habari zao hazitamfikia yeyote. Kwa hesabu yake, wiki tatu zimemeza timu 17 za ndege kati ya 23.

Hapo kitabu kinakushika shati. Mita 10,000 juu, baridi imegandisha vyombo na anasukuma kanyagio mpaka unahisi mguu wako ndio unauma. Halafu wanashuka hadi mita 700 juu ya mji unaowaka, risasi zikipanda kuwalaki. Sijasoma kurasa nyingi za vita zinazoshinda hizi.

Shida ni baada ya kutua. Anaanza kuhubiri kuhusu Binadamu, kwa herufi kubwa, ukurasa baada ya ukurasa. Ndege iko chini, yeye bado yuko hewani. Na huyo Binadamu anayemsifu hivyo alikuwa ameketi nyuma yake muda wote! Mtazamaji, Dutertre, ametajwa kwa jina. Mpiga bunduki anaitwa mpiga bunduki tu.

Ndiyo maana nawaheshimu wale watu wanaochungulia picha kuukuu za ndege kwa lenzi. Wanaangalia duara la ubavuni: la Kifaransa lina buluu katikati na nyekundu nje, la Kiingereza ni kinyume, na askari wa mzinga pale chini alikuwa na sekunde chache za kuamua. Wanatafuta lile shoka, nembo ya kikosi. Kisha mkia, wenye mistari mitatu ya rangi na maandishi madogo ya aina na namba ya ndege. Ukiipata namba unarudi kwenye daftari la kikosi, na daftari haliandiki Binadamu. Linaandika nani alipanda, siku gani, alitumwa wapi.

Mwandishi mwenyewe alikuja kuhitaji kazi hiyo. Tarehe 31 Julai 1944 aliruka kutoka Corsica peke yake, kwa P-38 ya kupiga picha isiyo na bunduki, na hakurudi. Miaka zaidi ya 50 ya uvumi. Mwaka wa 1998 mvuvi karibu na Marseille akanasa bangili yenye jina lake, na watu wakasema ni ya kughushi. Mabaki ya ndege yalipoopolewa, kipande kimoja kilikuwa na namba 2734, ikalingana na rekodi za kiwanda cha Lockheed. Mwaka wa 2004 ubishi wa ndege ni ya nani ukaisha. Kwa nini ilianguka, hiyo namba haisemi.

Kwa Kiingereza kinaitwa Flight to Arras. Kitafute. Mahubiri ya mwisho unaweza kuyapita haraka, mimi nimeyasoma kwa niaba yako. Lakini sauti ya mpiga bunduki ikiingia kwenye simu ya ndege, punguza mwendo. Hapewi maneno mengi.